Nilipima Sawa

Meno ya msumeno yalipoikamata plaiwudi, ililia kama shuka linalochanwa. Vibanzi vikamrukia Mjomba Dadi usoni. Mashine ikakwama, ikamrudia kifuani, na mkato ukauacha mstari wangu wa penseli, ukaenda zake pembeni kama mlevi. Sote tuliokuwa kwenye ujenzi wa bweni la wasichana pale Mnyambe tukageuka kutazama.

Mjomba alizima mashine, akafuta uso kwa kiganja, akamgeukia Mama Witness, matroni aliyesimamia kazi ile.

"Binti amepima vibaya," alisema.

Watu huniambia hasira hupoa. Labda zao.

Nilikuwa nimetoka chuo na stashahada ya ujenzi, na matumaini makubwa kuliko sanduku langu la vifaa. Makabati ya bweni nilipewa mimi, kazi yangu ya kwanza kwa jina langu mwenyewe, na niliapa wasichana wale watafungua milango isiyochoma vidole. Msumeno sikuwa nao. Mjomba, kaka wa mama yangu, alisema atanunua yeye. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Yeye ndiye aliyenisomesha, yeye ndiye atakayeulizwa siku nikiposwa.

Tukaenda Masasi, dukani kwa Khalidi, akatuwekea misumeno miwili ya duara juu ya kaunta. Mmoja mkubwa, wenye mngurumo wa kutisha. Mwingine mdogo, chini ya kitako chake una mfereji, na diski yake hushuka kutoka juu. Huo hutembea juu ya reli yake ya alumini. Niliugeuza, nikapitisha kidole kwenye mfereji, nikaeleza: karatasi nzima ya plaiwudi ni pana, na kule bwenini hakuna meza ya kukatia. Reli unailaza juu ya mstari, mpira wa ukingoni unakandamiza uso wa ubao usichanike, msumeno unateleza bila kuyumba.

"Mzee, binti anataka reli," Khalidi alimwambia Mjomba, kana kwamba nilikuwa nimesema Kichina.

"Reli?" Mjomba aliwageukia wateja. "Reli ya kubebea karanga Wazungu waliijenga huku kwetu enzi za ukoloni, ikang'olewa. Huyu anataka kuirudisha, ipite bweni la Mnyambe!"

Duka zima likacheka. Mjomba akanyanyua mkono wake wa kulia. "Reli ndiyo hii. Nipe ule mkubwa."

Maneno nilikuwa nayo. Niliyameza, maana mjomba habishiwi mbele za watu. Unamsubiri nyumbani, unapiga magoti, ndipo unasema. Nikasubiri, nikapiga magoti, nikasema. Alicheka, akanipapasa kichwa kama mtoto.

"Wewe pima, mwanangu. Mimi nitakata."

Ndivyo tulivyofika pale, ubao umeharibika, naye amelitupa kosa miguuni pangu.

"Faidha, umepima wewe?" Mama Witness aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa?"

Mjomba alinitazama. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, ule ule ulionishika siku ya kwanza ya shule. Niliuonea huruma. Lakini huruma ile haikuizima hasira, iliipulizia, kwa sababu niliona kwamba aliijua. Alijua nitamhurumia, akaiegemea huruma yangu kama ukuta wa nyumba yake.

"Nilipima sawa," nilisema. "Mstari huo hapo, Mama, uangalie. Aliyekata ni Mjomba."

"Mh! Leo kazi ipo," Hamudi, fundi wa plasta, alinong'ona kwenye ndoo yake.

Sikungoja ruhusa. Nilichukua kipande cha alumini kilichoachwa na mafundi wa madirisha, nikakikagua kwa jicho kama kimenyooka, nikapima kutoka kwenye diski hadi ukingo wa kitako cha msumeno, nikageuza karatasi mpya uso mzuri chini usichanike, nikakibana kipande kile juu yake kwa klampu. Nikawasha msumeno, nikakata. Nilikuwa bado na ghadhabu, lakini alumini haikujua. Mkato ukatoka umenyooka.

Mama Witness alipitisha kidole gumba ukingoni. "Endelea, fundi," alisema, wala hakumtazama Mjomba. Hilo nalo liliniuma. Mjomba akaondoka kwa miguu, msumeno akaniachia.

Jioni mama yangu alikataa kupokea sahani niliyompa.

"Umemvua nguo kaka yangu mbele ya watu. Kesho nenda ukaombe radhi."

"Alinisingizia, mama."

"Nimesema nenda."

Nilienda. Nilimkuta shambani Makote, anafagia majani chini ya mikorosho, maana korosho zilikuwa karibu kuanguka. Nilipiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

Aliegemea fagio, akasubiri. Nami nikasubiri. Nilitaka aseme neno moja tu, lolote, kuhusu mstari wangu wa penseli.

"Umekuja kusema nini?" aliuliza hatimaye.

"Nimekuja kukuamkia."

Taya lake lilicheza. Akainama, akaendelea kufagia, kwa nguvu, hadi vumbi likanifika magotini. Nilisimama. Fagio la pili lilikuwa limeegemezwa kwenye shina. Nililichukua, nikaanza mti uliofuata, na tukafagia hadi jua likawa kali, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.