Jacob Alipopiga Dimu

Hiace ya Jacob ilivutwa kutoka korongoni ikaachwa nyuma ya kituo cha polisi. Alhamisi asubuhi Mzee Ildefonce, mwenye gereji, akanituma nikaikague.

"Waambie taa zilikuwa nzima," alisema akiwa amelala chini ya Land Rover, miguu tu ikionekana. "Tulizitengeneza hapa Jumatatu, zikawaka. Wewe una cheti, watakusikiliza."

"Na nikikuta si nzima, Mzee?"

"Binti yangu, si uliziona kwa macho yako?"

Niliziona. Ndiyo maana nilitembea polepole.

Jacob alikuwa akishusha ndizi na maziwa ya akina mama wa Mwika kuja sokoni Moshi. Jumanne, saa moja kasoro jioni, akirudi na mkewe Eliona kwenye kiti cha mbele, alikutana na lori kwenye ukungu. Taa zake zikazimika. Gari likaacha barabara. Eliona alifariki palepale. Jacob alitoka na mkono uliovunjika. Ndugu za Eliona walisema Jacob alikuwa amekunywa mbege, pombe ya ndizi, akasinzia. Mazishi yalipangwa Jumamosi, kihambani, kwenye shamba la ukoo huko Mwika, na polisi walikuwa wamesema wazi: bila karatasi ya fundi kuhusu zile taa, Jacob atabaki mahabusu na mkewe atazikwa bila yeye.

Afande Primus wa trafiki alinifungulia geti. "Wewe ndiye fundi umeme? Haya, mama injinia. Usichafue gauni."

Nilikuwa nimevaa ovaroli.

Taa ya kushoto ilikuwa imepasuka, ya kulia nzima. Nilitoa balbu ya kulia nikaishika kwenye mwanga. Nyuzi zake hazikukatika. Basi kilichokufa si balbu. Nikafuata waya mwekundu, ule Mzee alioutoa moja kwa moja kwenye betri, na mkono wangu ukasimama. Ganda lake lote lilikuwa limeyeyuka, likashikana na nyaya za jirani kama ugali uliounguzwa. Palipotakiwa fyuzi hapakuwa na fyuzi.

Nikaingia ndani. Mkono wa taa chini ya usukani ulikuwa umevutwa kwenye dimu, mwanga wa chini.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva na kuelewa yote.

Jumatatu ile, Jacob alikuja akilalamika kwamba taa zinafifia gari likirukaruka. Mzee Ildefonce amezitengeneza Land Rover na Bedford za chama cha ushirika kwa miaka thelathini na tano. Katika magari hayo, swichi hukata umeme unaokwenda kwenye balbu, na waya wa kati wa balbu hurudi kwenye bodi, yaani chuma cha gari. Kwenye Hiace, Mzee aliweka testa, kitaa cha kupimia umeme, kwenye waya wa kati, ikawaka. "Umeona? Umeme umeingia bodi! Hii ni shoti." Akaukata ule waya, akaufunga upande wa balbu kwenye bodi, kisha akavuta waya mpya kutoka betri kupitia kitufe alichokifunga kwenye dashibodi, hadi kwenye waya wa dimu wa balbu.

Lakini haya magari ya Kijapani, yanayoshushwa siku hizi kila mwezi kwa mamia, yamepangwa kinyume. Umeme hungoja kwenye waya wa kati, na swichi ya fulu, mwanga mkali wa mbali, na dimu hufanya kazi upande wa bodi. Chuoni tulichora mchoro huo mpaka mkono ukauma. Testa ilikuwa inasema kweli. Hapakuwa na shoti yoyote. Labda kiungo kimoja tu kilicholegea.

Siku ile mkono wa taa ulikuwa kwenye fulu, kwa hiyo taa zikawaka. Ukiuvuta kwenye dimu, umeme wote wa betri unapita kwenye ule waya mwekundu hadi bodi bila kizuizi.

Nilisema. Nilisema kwa sauti ndogo, "Mzee, labda kwa hizi za Kijapani..." Naye akacheka. "Mwanangu, nimeanza kufunga taa mama yako hajaolewa." Jacob akacheka pia, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi. Sikutaka kumwaibisha mzee mbele ya watu. Kwetu hilo halifanyiki. Nikajiambia nitamweleza wakati wa chai, tukiwa wawili, naye atamwita Jacob arudi. Wakati wa chai alikuwa ameitwa kwenye kikao cha kanisa. Hiace ikaondoka. Jumanne gereji ilijaa kazi, nami nikajiambia kesho.

Nilirudi gereji kabla ya kuandika chochote. Palikuwa na Hiace nyingine uani.

"Mzee, naomba testa yako."

Nilizima taa, nikachomoa soketi ya balbu, nikampa testa. Aliigusisha kwenye waya wa kati. Ikawaka. Akaigusisha tena. Akaenda upande wa pili wa gari, akajaribu huko, ikawaka.

"Zote ziko hivi?"

"Zote za aina hii, Mzee."

Alikaa kwenye tairi.

"Andika waya ulilegea," alisema mwishowe. "Barabara ya Mwika ni mbaya, kila mtu anajua. Jacob atatoka. Hakuna atakayeumia."

"Wataniuliza kwa nini uliungua."

"Tabitha. Nilikupokea wakati gereji zote zilikuambia ukapike."

Ilikuwa kweli. Nilipenga kamasi kwenye mkono wa ovaroli, kisha nikaandika, nikiwa nimesimama palepale mbele yake. Niliandika waya, fyuzi iliyokosekana, jina la gereji. Chini niliandika kwamba fundi Tabitha alikuwepo, alishuku kosa, na hakumwambia mteja. Mzee alisoma yote, akanirudishia karatasi. Hakuniambia nibaki wala niondoke.

Jioni Afande Primus alimtoa Jacob mahabusu. Aliisoma karatasi mara mbili, mkono wenye plasta ukiwa kifuani.

"Kwa hiyo sikulala," alisema.

"Hukulala, kaka Jacob. Watu wa Mwika wataisoma. Unaweza kwenda kumzika."

"Yule wa lori alikuwa ananipiga fulu usoni. Nikasema ngoja nimpishe, nikapiga dimu." Aliinua vidole vya mkono mzima, akavivuta kidogo hewani, kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Nilivuta hivi tu."

"Kila dereva mwema angefanya hivyo."

"Eliona alisema, 'Mpishe huyo.'"

Kisha akanitazama. "Na wewe ulijua."

"Nilishuku. Nilitaka kumwambia Mzee faraghani."

"Mimi nilikuwa nimesimama pale. Hatua mbili kutoka kwako."

Nilimwambia nitakuja Mwika Jumamosi, nisaidie hata kupika. Alikunja karatasi kwa mkono mmoja, kwa shida, nami sikuthubutu kumsaidia.

"Usije, dada," alisema. Akatoka kwenda kutafuta gari la kupanda nalo mlimani.