Gari Lisilonguruma

Lango lilikuwa wazi, begi la hospitali limeshapakiwa, na binti alikuwa kiti cha nyuma, uchungu umemshika. Mumewe alikuwa safarini. Gari lake refu la kifahari sasa lilikuwa mikononi mwa baba yake binti, dereva mstaafu wa malori ambaye wenzake walimwita Mzee Gia.

"Kanyaga breki kwanza, baba," binti alisema. "Gia iwe kwenye P. Halafu bonyeza hicho kitufe."

Mzee akakanyaga, akabonyeza, akatega sikio. Hakusikia mngurumo wowote. Akabonyeza tena. Kimya vilevile. Jasho likamtoka.

"Limekufa hili dude. Ngoja niite watu walisukume."

Mkewe, aliyekuwa amemshika binti mkono, akaangua kicheko. "Wasukume nini? Unaliwasha, halafu unalizima mwenyewe! Hili halipigi kelele kama malori yako."

"Baba," binti alisema huku akihema, "mara moja tu. Mguu usiutoe kwenye breki. Usisikilize, tazama mshale wa injini pale nyuma ya usukani."

Alibonyeza, akaondoa kidole haraka kama aliyeungua. Mshale ukapanda. Akaingiza gia, akaachia breki polepole kama aliyepakia mayai.

Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini jioni ile. Baba yake alirudi baada ya siku chache. Bibi humsimulia kisa hiki kila mgeni. Mzee Gia bado huliendesha gari lile, na bado hutega sikio kila anapoliwasha.