Mfungo Sita Si Mwezi wa Sita

Mwaka huo wa 1985, dua ya Mwatime ilikuwa moja tu: mumewe Jabir apumzike. Tangu watoke Tanga kuja kuishi Arlington, Marekani, Jabir hakuwahi kuchukua likizo. Sasa alikuwa amekubali kuzunguka visiwa vya Karibiani kwa meli, mradi wasikutane na tufani.

Chelagat, jirani yao Mkenya aliyefanya kazi ya kuuza tikiti za safari, aliingia huku anatabasamu. "Nimewapatia nafasi mwezi wa sita, vile ulisema."

Jabir akatua kikombe. "Juni? Si ndiyo Ramadhani mwaka huu? Nifuturu huku natapika melini? Basi, siendi!"

Mwatime akamgeukia Chelagat. "Shoga, mimi nilisema mfungo sita!"

"Na si ni kitu moja?"

"Wapi! Sisi watu wa pwani tunahesabu miezi tangu Ramadhani iishe. Mfungo sita ni mwezi wa Maulidi. Mwaka huu unaanza katikati ya Novemba."

Chelagat alicheka mpaka akajishika mbavu. "Lakini Novemba ndiyo poa! Tufani zinakuwa zimeisha nguvu, na watu wa Krismasi hawajajaza meli."

"Hata mwalimu wa masomo ya jioni ninayohudhuria alisema Septemba ndiyo ya kuogopwa kwa tufani," Mwatime alisema taratibu, akimtazama mumewe.

Jabir akachukua tena kikombe chake. "Haya, dada, andika Novemba. Kesho nitaomba ruhusa kazini."

Mwatime alishukuru Mungu kimoyomoyo, akampakulia Chelagat sahani ya wali bila kumwuliza.