Jogoo wa Kuzindulia Kisu

Enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, maduka ya Utemini yalijaa visu vya kung'aa ambavyo vikikutana na mfupa vinajikunja. Zefania, fundi cherehani wa Mwankoko, akaapa kutengeneza cha kwake, kwa kujifurahisha tu.

Akatafuta vipande vya springi ya lori, akavipasha moto kwenye jiko la mkewe Klara na kuvigonga nyundo mpaka mkaa wa nyumba ukaisha. Kisu cha kwanza alikitumbukiza majini kikiwa chekundu. Kikalia ta, kikapasuka. Cha pili akakizamisha kwenye mafuta ya alizeti ya Klara, mtaa mzima ukanukia maandazi.

"Hayo mafuta utayanywa!" Klara akafoka.

Lakini kisu kilitoka kizima, na kiliponolewa kikanyoa vinyweleo vya mkono.

Jumapili akakamatwa jogoo wa kukizindulia. Kwa kuwa wangekula majirani wa dini zote, aliitwa Mzee Idi achinje, kama kawaida ya mtaa.

"Shikamoo, mzee. Kisu hiki hapa."

"Marahaba. Umekifua wewe? Wewe wa kushona suruali?"

Mzee akakigeuza juani, akacheka, akawaita wengine. Kisu kikapita mkono kwa mkono. Zefania, aliyemshika jogoo, akainua mikono yote miwili kuwaonyesha alivyokuwa akigonga nyundo.

Jogoo akaruka ua, akapotelea kwenye mashamba ya alizeti.

Wakala ugali kwa mlenda. Zefania aliukata ugali kwa kisu chake, akimgawia kila mgeni kipande, uso umejaa tabasamu.

Klara akasogeza sahani yake. "Baba Aneth, nikatie na mimi."