Kasi ya Kamati

Mwaka ule wa hamsini na tatu hapakuwa na mwanafunzi chuoni asiyeijua baiskeli ya Mwalimu Marcelino. Ilikuwa nyeusi, ina kengele mbili, na kila Jumamosi mwenyewe aliipaka mafuta huku mkewe akiitazama kwa jicho la bi mkubwa aliyeletewa mwenzake. Mwalimu Marcelino alikuwa naibu mkuu, na kwa kuwa mkuu wa chuo, Mzungu, alikuwa kwao likizo, chuo kizima cha ualimu pale nje kidogo ya mji wa Shinyanga kilikuwa mikononi mwake. Kwa hiyo baiskeli ile iliporudishwa gurudumu la mbele limejikunja, kamati ya uchunguzi iliundwa kesho yake asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Marcelino. Shahidi wa kwanza alikuwa Mwalimu Marcelino. Alijihoji taratibu, bila haraka, na akaridhika na majibu.

Aliyeikunja ni Maganga. Tuliseme mapema, maana hapa hakuna fumbo: kila aliyetaka kujua alijua, na taabu yote ilitoka kwa wasiotaka.

Maganga alikuwa kijana wa upande wa Mhunze, mwembamba, mwenye miguu ambayo chuo kilikuwa kikiitunza kuliko vitabu. Siku zilikuwa zimebaki chache aende Mwanza kwenye michezo ya jimbo, kukimbia maili moja, na nafasi ya kombe ilikuwa tayari imefutwa vumbi juu ya kabati la ofisini. Jumapili ile alasiri alisikia kwamba Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya wacheza ngoma, wanashindana ngoma ya mavuno si mbali na chuo, na mtu aliyelelewa na ngoma hizo hawezi kukaa bwenini akisoma saikolojia ya mtoto. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Akaichukua.

Wakati wa kurudi, kwenye korongo, ng'ombe walikuwa wanavuka kwenda kunywa maji. Maganga aliwakwepa ng'ombe, hakulikwepa korongo. Alipoinuka, kengele ya kwanza ya jioni ilikuwa inalia chuoni, ile ya kuwaambia wanafunzi wakaoge. Kengele ya pili ilikuwa ya kuitwa majina, na asiyeitika alikuwa na kesi. Hapo ndipo alipomwona Herman, mwenzake wa dawati moja, amesimama ng'ambo ya korongo. Herman alikuwa amemfuata kwa miguu tangu alipoona ukuta hauna baiskeli.

"Kimbia," Herman akamwambia. "Wewe una miguu. Hii nitaileta mimi."

Maganga akakimbia. Kengele ya pili ilipolia alikuwa kwenye mstari, na jina lake liliposomwa akaitika. Mwalimu Athanas wa michezo, aliyekuwa karibu, aliuona mgongo wake unavyovuja jasho, akafurahi moyoni kwamba kijana anafanya mazoezi hata Jumapili. Herman alifika kiza kimeanza kushika, baiskeli ameibeba begani kwa sababu gurudumu lilikataa kuzunguka.

Herman alitoka Ushirombo. Baba yake alikuwa akichimba dhahabu katika mgodi mmoja wa Geita, akikohoa kile kikohozi chao, naye alikuwa ameapa mbele ya padri kwamba mwanawe hatalijua shimo. Ndiyo maana Herman alikuwa chuoni. Kijana aliyefukuzwa hakupokelewa na chuo kingine chochote, na kwa Herman kufukuzwa kulikuwa na maana moja tu, kwenda Geita kushuka shimoni na baba yake. Maganga aliyajua haya kama alivyojua jina lake mwenyewe, na tangu jioni ile chakula kilimshinda.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Baada ya mwenyekiti alifuata Mwalimu Athanas, katibu, aliyekuwa anaota kombe usiku na mchana. Wa tatu alikuwa Mwalimu Mabula wa hesabu, Msukuma wa Kishapu, mtu mpole mwenye ombi la uhamisho lililokuwa mezani kwa mwenyekiti. Hao wawili wengine walitoka ng'ambo ya ziwa, na Kisukuma walijua cha kununulia maziwa.

Herman aliulizwa kama baiskeli ilikuwa mikononi mwake.

"Ilikuwa mikononi mwangu, Mwalimu."

Mwalimu Athanas akaandika kwamba amekiri.

Mchunga ng'ombe aliletwa. Akaeleza kwamba kengele ya kwanza ilipolia aliwaona vijana wawili korongoni, na mmoja akaondoka mbio mfano wa swala. Kisha Mwalimu Athanas, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimwambia kila mgeni wa chuo kwamba hakuna kiumbe wa miguu miwili katika jimbo zima awezaye kumpita Maganga, akaeleza kwa kirefu kwamba kutoka korongoni hadi chuoni, baina ya kengele ya kwanza na ya pili, binadamu hawezi kufika.

"Hata Maganga?" Mwalimu Mabula akauliza.

"Hata Maganga. Tusimkuze mtoto wa watu."

Ikaandikwa kwamba yamkini shahidi aliona swala.

Maganga naye aliitwa. Aliingia ameshika kofia, akasema shikamoo tatu, akaitikiwa marahaba tatu.

"Kengele ya pili ilipolia ulikuwa wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Kwenye mstari, Mwalimu. Lakini ile ya kwanza—"

"Ya kwanza hatujaiuliza."

"Baiskeli niliichukua mimi, Mwalimu."

Mwalimu Marcelino alimtazama Athanas. Athanas alitazama dari, ambako kulikuwa na mjusi.

"Shahidi hujibu alichoulizwa," mwenyekiti akasema. "Katibu, andika kwamba kijana ana huruma kwa mwenzake. Ni tabia njema kwa mwalimu mtarajiwa."

Herman akafukuzwa, na keshokutwa yake alipandishwa lori la Geita na sanduku lake la bati. Hakumlaumu mtu. Alimpa Maganga mkono, akamwambia kwamba pale dawatini mguu mmoja ni mfupi, aendelee kuuwekea kipande cha ubao. Lori likaondoka. Maganga alibaki barabarani akiona haya ya kuwa na miguu.

Hakukata tamaa upesi. Alimfuata Mwalimu Athanas uwanjani, akaanza kumweleza upya, akaambiwa afunge mdomo kwa sababu maneno nayo hula pumzi. Alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti, akakaribishwa uji wa maziwa, uji ambao haukuwahi kumfikia mwanafunzi mwingine tangu chuo kijengwe. Kila alipokiri alizidi kupendwa. Basi akapeleka habari kwa baba yake.

Huko kwao mambo ya namna hii yalikuwa na njia yake. Kijana akikosa, ukoo wake hutoa mbuzi. Mbuzi huchinjwa, na hula wote, aliyekosa na aliyekosewa na waliohukumu. Anayekula amekubali kwamba mkosaji ni huyu aliyetoa mbuzi, si mwingine, na amekubali kwamba amelipa. Baada ya hapo kosa halitajwi, na anayelitaja hutafutiwa mbuzi wake.

Mzee Mageni, baba yake Maganga, alifika asubuhi moja akiswaga beberu jekundu. Akawaamkia walimu, "Mwangaluka," akaeleza kwa Kisukuma, polepole na kwa heshima zote, mwanawe alichofanya, nani anaonewa, na beberu lile ni la nini. Alisema kwa muda mrefu. Walimu wawili wakamgeukia Mabula awatafsirie.

Mwalimu Mabula alikohoa. Aliitazama meza ya mwenyekiti, palipokuwa na lile ombi lake.

"Anasema ameleta mbuzi kwa ajili ya mwanawe," akasema.

"Mwambie tunamshukuru sana," Mwalimu Marcelino akajibu. "Wakimbiaji wanahitaji nyama."

Beberu likachinjwa. Walikula walimu, ikala timu yote ya riadha, akala na Mzee Mageni mwenyewe, akingoja kwa utulivu mpaka alipomwona mwenyekiti amemeza ini. Hapo akainuka, akampa kila mtu mkono, akasema yamekwisha, akashika njia ya Mhunze akiwa mtu mwenye amani.

Maganga alimvizia Mwalimu Mabula nyuma ya jiko.

"Mwalimu, uliwaambia?"

"Niliwaambia ameleta mbuzi."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Basi wewe unajua."

"Najua, Maganga," Mwalimu Mabula akasema. Mikono yake bado ilikuwa na mafuta, na hakuwa na pa kuipangusia. "Taabu yangu ndiyo hiyo, kwamba najua."

Wiki iliyofuata dereva wa lori alileta salamu kutoka Geita. Herman hajambo, ameanza kushuka, na baba yake hasemi naye. Maganga alizipokea salamu zile, akaenda kukaa peke yake uwanjani, akalia. Alipomaliza kulia akaanza kufikiri, jambo ambalo kamati ilikuwa haijamwomba mtu yeyote alifanye. Aliona kwamba akileta kombe, kamati itakuwa imesema kweli milele. Mpaka lini itakuwa na sababu ya kutomsikia? Mpaka siku miguu yake itakapokuwa haina kazi.

Huko Mwanza uwanja ulijaa. Palikuwa na mabwana wakubwa chini ya turubai, palikuwa na bendi, na kombe lilikuwa mezani linang'aa. Bunduki ya kuanzia ilipolia, vijana wanane waliondoka. Saba walikimbia. Maganga alikwenda kwa mwendo wa kujongea, kichwa juu, mikono imetulia, kama mtu aliyetumwa chumvi na mama mkwe. Mwalimu Athanas alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mkimbiaji mmoja aliyevuliwa kiatu na mwenzake alirudi kukiokota, akakivaa, akafunga kamba, akampita.

"Unaumwa?" Mwalimu Athanas akamwuliza mwishoni, machozi yanamlenga.

"Siumwi, Mwalimu."

"Sasa ni nini hiki?"

"Nimekimbia kama mlivyoandika. Kamati ilisema mtu hawezi kuzidi hapo, nami nikaona nisiikosoe mbele za watu."

Walirudi Shinyanga bila kombe, na kesho yake tu kamati ilikaa. Masikio yake yalikuwa yamezibuka ajabu. Mwalimu Athanas alieleza kwa kirefu kwamba kutoka korongoni hadi chuoni, baina ya kengele na kengele, hata mpishi wa chuo angefika. Mchunga ng'ombe aliitwa tena, na swala wake akarudi kuwa mtu. Maganga aliulizwa, akakiri, na safari hii ikaandikwa. Hukumu ilikuwa kwamba Maganga afukuzwe na Herman arudishwe.

Mwalimu Mabula akainua mkono. Alisema kwa sauti ya chini kwamba lile beberu, kwa desturi ya huku, lilikuwa faini ya kosa hili hili, na kwamba wote wamelila, naye akiwemo. Kwa hiyo kijana amekwisha kulipa.

"Mbuzi yule alikuwa wa timu," Mwalimu Marcelino akasema, "na timu imeshindwa."

Iliamriwa pia kwamba Maganga abaki kwenye chumba cha ghala mpaka zipatikane habari kwamba Herman yu njiani, kisha atoke upesi, ili wasije wakaonana na kupanga maneno. Kamati ilisahau kwamba barabara ilikuwa moja.

Walikutana korongoni jioni. Lori lilikuwa limemshusha Herman mjini, naye alikuja kwa miguu, sanduku la bati kichwani, amekonda, vumbi la mgodi bado limekaa kwenye kingo za kucha. Maganga alikuwa na furushi dogo tu.

"Nasikia Mwanza ulishika mkia," Herman akasema.

"Wa mwisho kabisa. Hata mwenye kiatu kimoja alinipita."

Herman alimtazama, kisha akalitazama lile furushi. Alilitua sanduku chini, akakaa juu yake, akainamisha uso. Ng'ombe walishuka kunywa maji, wakapanda.

Kengele ya kwanza ikalia chuoni.

"Wataita majina," Maganga akasema. "Leo jina lako limo. Usipoitika wataunda kamati."

"Sitafika, Maganga. Mimi si wewe. Na sanduku hili."

Maganga aliliinua sanduku, akaliweka kichwani pake.

"Kimbia," akamwambia. "Hili nitalileta mimi."

Herman alikimbia vibaya, viwiko nje, shati linapepea, mapafu yanalia. Maganga alimfuata taratibu kwa mwendo wa kamati, sanduku kichwani, akilituliza lisimwage chochote cha mwenyewe. Kengele ya pili ililia akiwa bado mbali, lakini upepo ulikuwa unatoka chuoni, na alisikia majina yakisomwa, moja baada ya jingine, mpaka likafika la Herman. Pakawa kimya. Kisha akasikia mtu aliyeishiwa pumzi anaitika.

Alilifikisha sanduku getini, akalitua upande wa ndani, maana yeye ndani hakuruhusiwa tena, akarudi zake njia ya Mhunze.