Fimbo ya Njia ya Isaka

Kengele ililia mara mbili nyuma ya ukuta, ikanyamaza, ikalia tena mara mbili.

Ilikuwa kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye ubao, na mlio huo ulikuwa na maana moja tu: njia iko wazi? Mzee Zephaniah alikuwa stoo, mahali tulipopaita Isaka. Mimi nilikuwa sebuleni, yaani Kigali. Kati yetu ulisimama ukuta wa matofali wenye tundu chini, na reli ilipita katika tundu hilo. Kabla hajaruhusu treni ilinipasa kumjibu kwa kengele yangu. Lakini nilikuwa nimepiga magoti, nikibana kipande cha mwisho cha kitanzi changu cha reli, na kiburi kilikuwa kimenijaa hadi masikioni.

"Kigali, umelala?" akaita.

"Kigali iko macho, Mzee! Washa umeme, uone maajabu."

Nikapiga kengele mara mbili. Nikangoja. Treni haikutoka tunduni. Nilimsikia akinung'unika kwamba reli ina vumbi, akikaza kitufe cha transfoma, akikikaza tena. Kisha ikaja sauti ya mafuta yanayochemka kwenye kikaango, na baada yake harufu.

Hiyo ilikuwa Juni 1993, Biryogo, mtaa mmoja wa Kigali. Jioni redio zilituletea habari za mazungumzo ya amani, na asubuhi tuliamshwa na vijana waliokimbia barabarani kwa nyimbo ambazo hazikuwa za amani. Watu walikuwa wamechoka. Walisalimiana kwa kuchoka, walinunua maharage kwa kuchoka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, fundi cherehani kwa riziki na mshairi kwa nafsi yangu. Hakuna aliyenifundisha mizani wala vina. Nilivihesabu mwenyewe kwa vidole huku mguu ukikanyaga cherehani, na kwa sababu hiyo sikumkubali mtu yeyote anielekeze jambo lolote.

Mzee Zephaniah alinivumilia. Alikuwa amekaa miaka ishirini na sita Tabora katika kibanda cha ishara, akivuta mikono ya chuma ili treni za watu wengine zipite salama. Alizipokea zote, na hakuna hata moja iliyokuja kwao Rwanda. Tangu ujanani alikuwa akisikia kwamba ipo siku reli itatoka Isaka, Tanzania, kuja Kigali. Aliporudi mzee na kukuta hata taruma moja la reli halijalazwa, hakulalamika. Oktoba 1990, vita vilipoanza, jirani yake, injinia wa kigeni, alifunga mizigo haraka akamwachia sanduku la treni ndogo ya umeme: kichwa kimoja cha treni cha kijani, mabehewa manne, reli za kutosha na transfoma moja. Mzee akalaza njia hiyo sakafuni mwake.

Aliilaza kama kazi, si kama mchezo. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo fimbo ilikuwa moja: kipande cha shaba chenye urefu wa kidole, alichokikata kwenye fimbo ya pazia na kukikwangua kwa tupa. Bila fimbo hiyo kulala juu ya behewa la mwisho, hakuna treni iliyoingia njiani. "Neno la mtu ni upepo," aliniambia. "Nikikuambia njia ni yako, kesho nitasahau. Nikikupa fimbo, hata nikisahau, iko kwako. Hakuna mwingine atakayepita."

Macho yake yalikuwa yakizimika. Daktari alimwambia kwamba kabla mwaka haujaisha ataona mwanga tu. Alitaka jambo moja: njia ikishajaribiwa, akae Kigali, aipokee treni kutoka Isaka, aione kwa macho yake. Siku alipokwenda hospitali ndipo mimi nilipoibadili ramani yake. Yeye alikuwa amechora njia inayofika na kukoma ukutani. Mimi nilitaka treni izunguke sebuleni, irudi ilikotoka, kama shairi linavyorudi kwenye kiitikio. Alikuwa amenikataza mapema. "Reli ya kushoto ikizunguka hivyo, inarudi kuwa ya kulia. Umeme utajipiga wenyewe." Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa ishara, hajui uzuri.

Nilikimbilia stoo kufuata harufu ile; Mama Daphrose, mke wake, akaingia na ndoo ya maji. "Iko nini hapa? Mnataka kuchoma nyumba yangu juu ya kagari?"

Mzee alikaa juu ya gunia, transfoma iliyoungua magotini, moshi mwembamba ukimpanda kidevuni. Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejua la kumjibu.

"Nilitaka kuipokea mara moja tu," alisema.

Nikachukua ramani yangu nikatoka.

Kule Sonatubes kulikuwa na fundi magari aitwaye Rugamba. Nilimwomba betri ya gari, hata iliyochoka, ishike nafasi ya transfoma.

"Ya nini, sha?"

"Ya treni."

Alicheka hadi akashika bampa. "Treni mu Rwanda! Jamani, huyu mashairi yamempanda kichwani." Alipojifuta macho akasema atanipa, ila nimwandikie kitu kwa Kabagwira, muuza vitenge. Nikaandika nimesimama, juu ya boneti:

Kabagwira wa vitenge, moyo wangu umeshikwa,
Unikatie kitenge, nami nipate funikwa.

Niliona haya, lakini vina vilikaa. Aliniongezea nyaya na pasi ya umeme iliyokufa, nitumie waya wake wa ndani kupunguza nguvu.

Nilikuwa nimesahau nchi niliyomo. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari aliona betri kichwani kwangu, nyaya zikining'inia, akaniamuru nishushe. Akanipekua mfukoni, akatoa karatasi. Isaka. Rusumo. Kigali. Mistari, mishale, alama za mahali pa kusimama na pa kupita.

"Ramani ya nini hii? Nani anapita mpaka wa Rusumo?"

Wenzake wawili wakasogea.

"Ni treni, afande. Treni ndogo ya mzee mmoja."

"Rwanda hakuna treni."

"Ndiyo, afande. Ndiyo maana ni ndogo."

Mmoja wao alicheka, na yule askari wa kwanza akakasirika kwa sababu mwenzake amecheka. Aliniwekea mtutu kifuani, si kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. "Basi ilie. Lia kama treni, tuamini."

Wapita njia walisimama. Miongoni mwao walikuwapo watu niliowashonea nguo, watu ambao mbele yao nilikataa kushusha macho. Nilimkumbuka mzee juu ya gunia. Nikafumba macho nikalia. Nilipiga honi, nikavuta mvuke kwa meno, nikazungusha viwiko kama magurudumu, nikapanda mlima na kuushuka, palepale vumbini, hadi nikaishiwa pumzi. Walicheka sana. Askari akaichana ramani vipande vinne, akanisukuma. "Enda, Isaka."

Nilifika, nikaiweka betri sakafuni. Nilisema tu, "Mzee, nifundishe."

Siku mbili alinielekeza kwa vidole, kwa kuwa macho hayakutosha. Tulikata reli zote mbili katika kila mdomo wa kitanzi, tukaacha mwanya wenye unene wa kadi, tukaweka swichi. Kitanzi hakuking'oa. "Si kibaya," alisema. "Ila hakirudishi treni chenyewe. Ikiwa imo ndani, lazima mtu akae pale ageuze umeme wa njia. Bila mtu, hairudi."

Siku ya tatu, saa kumi jioni, mimi nilikuwa Isaka, yeye Kigali. Nikapiga mbili. Akajibu mbili. Nikalaza fimbo juu ya behewa la mwisho, nikasogeza waya kwenye pasi, na kile kichwa cha kijani kikaondoka polepole kama mtu aliyetoka kuugua. Mkia wake ukapotea tunduni. Sikuwa na cha kuona tena. Kengele tatu zingemaanisha imefika.

Nilingoja muda mrefu. Nilifikiri imeanguka. Nilifikiri ameanguka yeye.

Tatu.

Nilimkuta amelala ubavu sakafuni, shavu juu ya mataruma, uso karibu kabisa na taa ya treni, mkono mmoja kwenye swichi na fimbo imefumbatwa katika mwingine. Mama Daphrose alikuwa mlangoni, kitambaa mdomoni.

"Imechelewa dakika nne," alisema mzee. Hakuinuka upesi.

Leo fimbo ile iko juu ya meza yangu, Mwanza, inazuia karatasi zisipeperuke. Aprili 1994 barua zangu za Kigali zilikoma kujibiwa. Nimeandika mashairi mengi tangu hapo, na ninajua kuyaandika kuliko zamani. Fimbo sijawahi kuiandikia hata mstari.

Nilipewa Januari 1994. Shangazi yangu Annah alikuwa amenipatia kazi kwenye kiwanda cha kuchapa huko Mwanza, na asubuhi ile nilikwenda kuaga. Mzee hakuona tena isipokuwa mwanga. Aliipapasa fimbo kwenye msumari wake ukutani, akaiweka kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Mzee, utaendeshaje bila fimbo?"

"Sitaendesha. Ukiwa nayo, njia imefungwa. Hakuna treni itakayoingia hadi urudi."

"Na mimi nikichelewa?"

"Treni zote huchelewa." Alinigeuzia uso, akakosea kidogo upande niliposimama. "Sema, nisikie."

Mimi niliyekuwa na maneno kwa kila kitu niliyatafuta, nikayapata machache. Nikayasema kwa sauti, hata Mama Daphrose akayasikia huko uani.

"Nitairudisha, Mzee. Nitaiweka mwenyewe mkononi mwako."