Anayeenea Mdomoni

Mama mwenzangu, kabla hujamnunulia mwanao samaki wa kufuga kwenye kioo, vuta kiti usikie yaliyompata fundi cherehani mmoja. Tena usidhani alikuwa mzembe. Huyu alikuwa mwanamke asiyetia mkasi kwenye kitambaa mpaka apime mara tatu. Na bado yalimpata.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, wa miaka tisa. Nyumbani walimwita Kifungo, kwa kuwa alizaliwa mdogo hata nesi aliogopa kumshika. Kifungo alikuwa na pumu. Kila akikohoa mara mbili, mama yake aliacha cherehani ikiwa katikati ya mshono akaja kumtegea sikio kifuani. Basi mtoto akakua kwa makatazo: usikimbie, usilale sakafuni, usichezee vipande vya nguo vina vumbi. Alipoomba paka, daktari akasema kitu chochote chenye manyoya kisikanyage humo ndani. Kifungo hakulia. Alisema tu, "Sawa," na hiyo sawa mama yake hakuisahau.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani hupita kama mgeni. Safari moja akarudi amepakata tangi la kioo, na mfuko wenye samaki kumi wanaoitwa neoni. Wadogo kweli, urefu wa pingili mbili za kidole, mstari wa buluu ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Wakaliweka tangi chumba cha mbele, mkabala na benchi la wateja.

"Hawa ni wako," baba akamwambia Kifungo. "Kuwalisha wewe, kuwahesabu wewe. Mama yako asiguse."

"Mimi niguse nini?" Fundi akasema.

"Nakujua."

Ndiyo ikawa mara ya kwanza Kifungo kupewa kitu chenye uhai akiambiwa ni mikononi mwake. Asubuhi, kabla ya sare, kabla ya chai, alisimama mbele ya kioo akihesabu kwa kidole. Hawa samaki hutembea kundi, wakigeuka wanageuka wote, kwa hiyo kuwahesabu ni kazi. Alikuwa akianza upya mara tatu, nne, mpaka wafike kumi. Kisha huchukua kikopo cha chakula, anabana kidogo kwa ncha za vidole, ananyunyiza. Wifi yake Fundi, msusi aliyekuwa akisukia watu barazani hapohapo, alikuwa akimtania: "Bibi Afya, wagonjwa wako wameamkaje?" Na mtoto anajibu bila kucheka, "Hawajambo, shangazi. Wamekula wote."

Mambo yangebaki hivyo, yangekuwa mazuri.

Lakini Kifungo akaugua wiki nzima, hata shule hakwenda. Siku aliyopata nafuu, mama yake akitoka duka la dawa akapita duka la samaki, moyo umejaa, anataka kumfurahisha mtoto. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, watu walimwita Mama Mapovu. Kwenye kioo kimoja Fundi akamwona samaki bapa, wa rangi ya fedha, na mistari myeusi iliyonyooka kama imechorwa na chaki ya fundi. Mapezi yake marefu yakipepea juu na chini.

"Anaitwa malaika," Mama Mapovu akasema. "Nyumbani una nani?"

"Neoni kumi."

"Mh. Huyu hakai na neoni."

"Kwa nini? Mbona wako sawa?" Fundi akatoa futi yake shingoni, akaiweka kwenye kioo. Mwili wa yule samaki, ukiacha mapezi, haukuzidi neoni hata kidogo. "Ona. Saizi moja."

"Leo saizi moja, mama. Ukimlisha vizuri miezi sita utamkuta kama kiganja."

"Basi si atakuwa amekua nao? Watazoeana. Mtoto akilelewa na wenzake tangu mdogo, anawaona ndugu."

Mama Mapovu akamtazama kama mtu anayetaka kusema neno. Lakini wateja walikuwa watatu nyuma, na Fundi ameshafungua pochi. Akamtia malaika kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Haya. Wewe mwangalie tu."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, mama mwenzangu, na wala halikuwa la kukosa akili. Fundi alikuwa akishona sare za shule. Kila gauni aliacha pindo la vidole vinne, maana alijua mtoto wa Januari si yule wa Desemba. Jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote mtaani. Ila alilijua kwa nguo. Kwa samaki alipima alichokiona siku hiyo, kinachobaki akakiachia malezi.

Na miezi mitatu ya kwanza malezi yalionekana kumpa haki. Malaika alielea katikati ya neoni kama bibi harusi na wapambe. Wateja walikuja kujaribu nguo wakasahau kujitazama kwenye kioo chao, wanatazama cha samaki. Kifungo alifurahi mpaka shavu likapata rangi. Malaika naye alikula, akanenepa, akapanuka.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, Kifungo akahesabu tisa.

Akaanza upya. Tisa. Mama akaja, akahesabu naye. Wakainua kila jiwe, wakatazama nyuma ya chujio la maji, wakapiga magoti kutazama sakafuni. Hakuna samaki, hakuna mwiba.

"Labda kasafiri," wifi akasema kutoka barazani. "Kamfuata kaka yangu kwenye lori."

Wiki ile ile wakawa wanane, kisha saba. Sasa Fundi hakuweza kushona vizuri. Alimshuku paka wa jirani, akafunga kifuniko cha tangi kwa vibanio vya nguo pande zote nne. Alilishuku chujio, akalivisha soksi. Mwishowe, kwa kuwa hofu ikikosa pa kwenda humwendea aliye karibu, akamgeukia mtoto.

"Jana uliwapa chakula kiasi gani?"

"Kile kile, mama."

"Ulinawa mikono kwanza?"

"Nilinawa."

"Kwa sabuni? Uliisuuza? Sabuni ikiingia majini ni sumu. Na ile dawa yako ya kuvuta, hukuishika kisha ukaingiza mkono humo? Hebu kumbuka vizuri."

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa wasiwasi, na akina mama tunajidanganya kwamba ni vitu viwili tofauti. Kwa mtoto anayejibu, ni kitu kimoja.

Kesho yake Kifungo hakusimama mbele ya kioo. Alivaa sare, akanywa chai, akaja na kile kikopo cha chakula akakiweka juu ya meza ya cherehani, katikati ya nyuzi.

"Uwalishe wewe, mama."

"Kwa nini? Umechelewa?"

"Mkono wangu ni mbaya. Ndio unaowaua." Akaficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akaenda shule.

Fundi alikaa pale mguu ukiwa juu ya kanyagio, asikanyage. Saa nne za asubuhi akajikaza, akafungua vibanio, akanyunyiza chakula, kingi mno. Neoni wakaja juu. Malaika akaja pia, bila haraka. Akapita kando ya chakula kana kwamba hakukiona. Akajipanga, akatulia, mdomo ukafunguka mbele kama mfuko, na neoni mmoja akawa hayupo. Kilichobaki kilikuwa mkia mwekundu ukitokeza pembeni mwa mdomo, ukicheza. Malaika akameza. Mkia nao ukaenda.

"Wifi!" Fundi akapiga yowe. "Wifi njoo, amemla!"

Wifi akaja mbio na kitana mkononi, mteja nyuma yake kichwa nusu kimesukwa. Wakasimama watatu wakimtazama malaika, naye akiwatazama wao, mpole, mapezi yanapepea.

"Huyu?" wifi akasema. "Huyu mwenye uso wa kwaya?"

"Huyo huyo."

"Loo. Na sisi tulivyomsingizia paka wa watu." Kisha akamwona Fundi machozi yanamlenga, akaacha mzaha. "Sikiliza. Mtoto anatoka shule saa tisa. Mpeleke huyu mwizi kwa mwenyewe, nunua neoni wanne, rudisha. Kifungo akihesabu akute kumi. Mwambie walikuwa wamejificha. Yameisha."

Likaonekana wazo jema. Fundi akamchota malaika kwenye ndoo, akaenda.

"Nilikuambia," Mama Mapovu akasema mara tu alipochungulia ndoo.

"Uliniambia atakua. Hukuniambia atakula!"

"Mama, hakufanya ubaya. Hata hana roho mbaya. Kwa samaki, anayeenea mdomoni ni chakula. Awe jirani, awe aliyelelewa naye, awe mwanawe. Mdomo wake ulikuwa mdogo, ukawa mkubwa. Basi." Akammwaga malaika kwenye kioo kikubwa, akakuta wenzake wanaolingana naye, akatulia. "Haya, nikufungie neoni wangapi?"

Wanne walikuwa tayari mfukoni, wameshafungwa kwa mpira. Fundi akaupokea. Akausimamisha mbele ya macho. Wakageuka wote wanne kwa pamoja, wazuri, wazima, na hapo akaona jambo. Samaki wangerudi kumi, sawa. Lakini mkono wa mtoto ungebaki nyuma ya mgongo. Kifungo angeamini kwamba anaua, na kwamba safari hii kwa bahati tu hakuna aliyekufa.

"Niwekee," akasema. "Nitakuja na mwenyewe, mwanangu."

Saa tisa alimngoja mtoto mlangoni. Hakumwuliza kifua kikoje. Akamwambia palepale, begi likiwa bado mgongoni.

"Malaika ndiye aliyekuwa akiwala. Nimemwona kwa macho yangu. Na mimi ndiye niliyemleta. Mwenye duka alinikataza, mimi nikajifanya najua. Mkono wako haukufanya kitu, mwanangu. Kosa ni langu lote."

Kifungo akafikiri. "Kwa hiyo ile sabuni?"

"Hapana sabuni. Niliogopa, nikakuuliza maswali ya kijinga."

"Wewe huogopa kila siku."

"Ndiyo."

"Malaika yuko wapi? Umemtupa?"

"Yuko dukani, na wakubwa wenzake."

"Afadhali," mtoto akasema. "Alikuwa na njaa tu." Kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoazimwa.

Jumamosi wakaenda wote wawili. Kifungo akamhoji Mama Mapovu mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Huyu akikua anafika wapi? Mdomo wake je? Anapenda kukaa peke yake au kundi? Anauma mapezi ya wenzake? Fundi akanyoosha kidole kwa samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye milia, mzuri ajabu, na mtoto akauliza, akajibiwa kwamba yule hudonoa wenzake mapezi hadi yawe matambara. "Huyo hapana, mama. Twende." Wakachagua wale neoni wanne. Na kambare vibete sita, wa kukaa chini, wenye sharubu, wapole, ambao hata wakizeeka hawazidi urefu wa kidole gumba. Ila kambare Mama Mapovu akakataa kuwatoa siku hiyo. Waingie wachache kwanza, alisema, maji yazoee. Wengine wiki mbili baadaye. Safari hii Fundi alisikiliza neno kwa neno, hata akaomba lirudiwe.

Nyumbani wakauacha mfuko uelee juu ya maji robo saa, kama walivyoagizwa. Baada ya hapo Kifungo akapandisha mkono wa gauni, akafungua mpira, akauingiza mkono majini polepole hadi kwenye kiwiko. Wale wanne wakatoka wakipita katikati ya vidole vyake. Fundi alikuwa ameinama begani kwake, pumzi imesimama, midomo imeshaanza kuumba neno.

"Mama," mtoto akasema bila kugeuka, "rudi nyuma kidogo. Unawatisha."

Fundi akarudi nyuma. Akaketi kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Mtoto akaanza kuhesabu.